Nani Atamwimba Dekha?

Stima ilikuwa imepotea tena Galbet, na simu yangu ndiyo iliyokuwa taa ya nyumba nzima. Binamu yangu aliyeko Nairobi alikuwa amenitumia video fupi: mwanamke amesimama jukwaani, sauti yake inapanda na kupanda mpaka spika ya simu ikaanza kukwaruza. Bibi yangu, ambaye sisi Wasomali tunamwita ayeeyo, alikuwa ameketi mkekani akivuta tasbihi. Akaacha kuhesabu.

"Huyo analia nini?"

"Halii. Anaimba."

"Mbona hakuna anayempigia makofi?"

Nikamweleza kwamba hiyo ni opera, na katika opera makofi hungoja mwisho. Nikamwambia kuhusu Nyanga: Runaway Grandmother, opera ya Kikenya iliyoonyeshwa Nairobi mwaka 2020. Muziki wake ulitungwa na Francis Chandler, na aliyeisukuma hadi ikafika jukwaani ni Rhoda Ondeng' Wilhelmsen, Mkenya aliyesomea uimbaji wa opera, ambaye alichukua habari za bibi wa ukoo wake mwenyewe, mwanamke wa magharibi mwa Kenya, akazitia katika nyimbo.

"Kwa hiyo huyo bibi alikuwa mtu wa kweli?"

"Wa kweli, ayeeyo."

"Basi mjukuu amelipa deni."

Akarudi kwenye tasbihi yake. Yeye alilala mapema usiku ule. Mimi nilibaki na lile neno deni.

Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili. Wiki hiyohiyo nikaingia darasani nikawaambia wanafunzi waniandikie jina la mwanamke mmoja wa historia ya Kenya. Nilipata Wangari Maathai kwa wingi, kwa sababu ya Nobel ya 2004. Nilipata Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza miaka ya 1913 na 1914. Vizuri kabisa. Nikawaambia sasa niandikieni mmoja kutoka huku kwetu, Garissa, Wajir au Mandera. Kalamu zikasimama. Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, kwani wapo?"

Hilo swali ndilo linaloandika makala haya.

*

Nianze na opera yenyewe, maana wengi wetu tunaijua kwa jina tu. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Ilizaliwa Italia karibu mwaka 1600, ikawa burudani ya wafalme, kisha ya matajiri, kisha ya miji mizima. Ina waimbaji wakuu, ina kwaya, na chini ya jukwaa ina okestra.

Mtu wa Galbet anaweza kudhani jambo hilo halimhusu hata kidogo. Lakini tazama. Mmoja wa wanawake mashuhuri kuliko wote katika opera ni binti mfalme wa Ethiopia. Anaitwa Aida, na opera yenye jina lake, iliyotungwa na Mwitalia Giuseppe Verdi, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871. Aliyeiagiza na kuilipia ni mtawala wa Misri, Khedive Ismail, aliyekuwa amejenga jumba la opera pale Cairo mwaka 1869. Aida hakuwahi kuishi. Ni wa kubuni. Verdi mwenyewe hakusafiri kwenda Cairo kuona onyesho hilo la kwanza. Na mwisho wa hadithi, binti huyo wa Kihabeshi anajificha ndani ya kaburi la mawe na kufa humo pamoja na mpenzi wake aliyehukumiwa kuzikwa hai.

Sasa sikiliza kilichofuata. Khedive huyohuyo hakuridhika kuitazama pembe hii ya Afrika jukwaani tu. Mwaka 1875 alituma meli za kivita zikaja pwani yetu, zikatia nanga Barawa na Kismayu, zikateremsha bendera ya Sultani wa Zanzibar. Sultani Barghash akalalamika kwa Waingereza, Waingereza wakambana Khedive, na meli zikaondoka. Kutoka Kismayu hadi hapa kwenye mto Tana si mbali kwa mtu mwenye ngamia. Kwa hiyo kati ya kumwimba mwanamke wetu wa kubuni na kuja kuichukua ardhi ya wanawake wetu wa kweli ilipita miaka minne tu.

Huyo Barghash naye alikuwa na dada aliyetoroka: Seyyida Salme, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844, akaondoka kisiwani mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Namtaja kwa sababu moja. Maisha yake tunayajua kwa kuwa aliyaandika mwenyewe. Maelfu ya wanawake wa wakati wake, wa pwani na wa bara, waliishi maisha mazito kama yake na hawakuacha hata barua.

*

Nilipokuwa nikisoma kuhusu opera niliona jambo lililonisumbua. Wanawake wake hufa sana. Aida anakufa kaburini. Carmen anachomwa kisu. Tosca anajirusha kutoka juu ya ngome. Madama Butterfly anajiua kwa kisu cha baba yake. Ni kama muziki haumruhusu mwanamke kuimba vizuri mpaka kwanza awe ameshahukumiwa.

Nasi huku kaskazini hatuna upungufu wa vifo. Mtu wa mbali ukimtajia Garissa, atakumbuka tarehe 2 Aprili 2015, siku watu 148 walipouawa katika chuo kikuu chetu. Ukimtajia Wajir, aliyesoma kidogo atakumbuka Wagalla, Februari 1984, uwanja wa ndege, jua, na wanaume waliokusanywa pale. Mambo haya lazima yakumbukwe, na ole wake atakayeyafuta. Lakini mahali panapojulikana kwa makaburi peke yake watoto wake huanza kuuliza, "Kwani wapo?"

Hata majirani zetu wa Mogadishu waliposimamisha sanamu ya mwanamke, walimchagua Hawo Tako, mwanachama wa chama cha vijana wa Kisomali, aliyeuawa katika ghasia za Januari 1948. Anastahili sanamu yake. Hata hivyo ni mwanamke aliyekumbukwa kwa sababu aliuawa.

Wenzetu wa Afrika Kusini wameonyesha njia nyingine. Mwaka 2002 mjini Durban ilionyeshwa opera ya Kizulu kuhusu Princess Magogo kaDinuzulu, iliyotungwa na Mzilikazi Khumalo. Magogo, aliyefariki mwaka 1984, alikuwa mwenyewe mtunzi, mwimbaji na mpiga ala ya uta, kwa hiyo opera ilipomchukua ilimkuta tayari ana muziki wake. Mwaka 2011, Pretoria, ikaja opera kuhusu Winnie Mandela, ya Bongani Ndodana-Breen, na Winnie alikuwa angali hai. Kumbe inawezekana. Mwanamke anaweza kuimbwa kwa alichofanya.

*

Atakayesema kwamba Wasomali hawana mambo haya, na aje nimkaribishe chai ya maziwa ya ngamia tuzungumze.

Sisi tuna riwaayad. Ni mchezo wa jukwaani ambao sehemu zake nzito husemwa kwa mashairi na kuimbwa, na sehemu nyepesi huzungumzwa kama tunavyozungumza sokoni. Mwaka 1968 Hassan Sheikh Mumin alitoa Shabeelnaagood, mchezo kuhusu laghai anayewahadaa wasichana kwa ndoa za uongo, na ulipendwa kiasi cha kutafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa London. Mogadishu ilikuwa imepata jumba lake la taifa la michezo ya kuigiza mwaka 1967, lililojengwa na Wachina. Vita vikalifunga. Likafunguliwa tena Machi 2012, na wiki chache baadaye bomu likalipuka ndani yake watu wakiwa wameketi. Lakini nyimbo za michezo ile zilikuwa zimeshatoroka zamani, ndani ya kanda za kaseti, zikavuka mpaka. Hapa Garissa nimekua nikizisikia kwenye vibanda vya Suuq Mugdi na ndani ya matatu, bila kujua kwamba nilikuwa nikisikiliza vipande vya michezo mizima.

Na wanawake wana chao. Kinaitwa buraanbur. Ni utungo wa wanawake, wenye mizani yake, unaosemwa na mwanamke mmoja aliyesimama katikati huku wengine wakipiga makofi na ngoma, na mmoja mmoja akiingia kucheza, ncha za shashi mikononi. Harusi bila buraanbur ni karamu ya wali tu. Mtunzi humsifu bibi harusi, humsifu mama yake, hutaja ukoo, na akiwa hodari huingiza na nasaha: nani hakulipa deni, nani awasamehe nani. Ndiyo maana ayeeyo aliuliza makofi yako wapi. Hakuwa anauliza ushamba. Alikuwa anauliza swali la fundi.

Kwa hiyo jukwaa tunalo, na sauti tunazo. Kilichokosekana kwenye karatasi za wanafunzi wangu ni jina. Nami jina ninalo.

*

Dekha Ibrahim Abdi alizaliwa Wajir mwaka 1964. Huo ulikuwa wakati wa vita vya Shifta, na mkoa mzima ulikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari ambayo ilidumu karibu miaka thelathini. Akasoma, akawa mwalimu, akaolewa, akazaa. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ikaanguka; bunduki na wakimbizi wakavuka mpaka pamoja; ukame nao ukala mifugo. Kufikia 1992 koo za Wajir zilikuwa zikiuana.

Kuna usiku mmoja ambao Dekha mwenyewe alikuwa akiusimulia. Risasi zinalia nje. Yeye amejificha chini ya kitanda na mtoto wake mchanga. Asubuhi mama yake anamkumbusha kwamba miaka ya sitini, katika vita vile vingine, yeye naye alijificha hivyohivyo, na mtoto aliyekuwa amemkumbatia ni huyuhuyu Dekha. Hapo akajiuliza kama mtoto wake naye atakuja kumficha mtoto wake chini ya kitanda.

Mtunzi wa opera akinisoma, namwomba afunge daftari la Tosca. Vizazi vitatu na kitanda kimoja, nje milio ya bunduki, ndani mama anambembeleza mtoto kwa sauti ya chini ili asilie. Umeshapata mwanzo wako.

Kilichofuata kilianzia harusini. Mwaka 1993 wanawake wa koo mbalimbali walikutana kwenye sherehe ya ndoa na wakaanza kuzungumza juu ya vita. Hakukuwa na mkutano ulioitishwa wala bango ukutani. Wakaona waanzie pale walipokuwa na nguvu, yaani sokoni. Soko la Wajir lilikuwa limegawanyika; wanawake wa ukoo huu waliwazuia wa ukoo ule kuuza na kununua. Wakakubaliana kwamba sokoni mwanamke yeyote atauza na kununua kwa yeyote, na wakachagua kamati ya kulinda neno hilo. Pakitokea ugomvi, kamati inafika kabla haujafika nyumbani kwa wanaume.

Halafu wakawaendea wazee. Hili ni gumu zaidi, maana katika mila yetu mambo ya vita, suluhu na diya ni ya wanaume walioketi chini ya mti. Wanawake wale hawakwenda kupindua mti. Walitafuta wazee wa ukoo mdogo, usio na uzito wa kutisha mtu, wakaomba hao ndio wafungue mazungumzo kati ya koo kubwa. Mwaka huohuo wa 1993 wazee wakatoa azimio lililoitwa la Al-Fatah, la kusitisha mapigano. Mwaka 1995 juhudi za wanawake, wazee, vijana na serikali zikaunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na mfano huo wa kamati za amani za wilaya ukaja kuigwa kwingine nchini.

Dunia ikamjua. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, ambayo wengi huiita Nobel mbadala. Miezi michache baadaye Kenya ikawaka moto wa baada ya uchaguzi, na Dekha akawa mmoja wa watu watano walioanzisha kundi la wananchi wa kutafuta amani, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Daniel Opande, Jenerali Lazarus Sumbeiywo na George Wachira. Wanne hao ni wanaume, wawili kati yao majenerali. Watano wote walikaa meza moja.

Julai 2011 alikuwa njiani kuja Garissa kwenye mkutano wa amani. Gari lao lilipata ajali. Mumewe na dereva walifariki, na yeye akafuata siku chache baadaye, akiwa na umri wa miaka 47.

*

Habaryar wangu, mdogo wa mama, aliposikia wazo langu hakulipenda hata kidogo. Alikuja Ijumaa baada ya swala, akaketi, akakunywa chai yote kwanza.

"Nimesikia unataka kumchezesha marehemu."

"Si kumchezesha, habaryar. Kumkumbuka."

"Marehemu Mwislamu anakumbukwa kwa dua. Huyo mama alijisitiri maisha yake yote, leo wewe umtafutie mwanamke wa kupiga kelele jukwaani ajiite Dekha? Na watoto wake je, umewauliza?"

Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo sehemu ya maneno yake nakubaliana nayo. Kuhusu watoto, ana haki kamili. Rhoda Ondeng' Wilhelmsen alimwimba bibi wa ukoo wake mwenyewe. Idhini ilikuwa damuni. Mimi si wa ukoo wa Dekha. Asiyeanza kwa kubisha hodi kwenye mlango wa familia hana tofauti na Khedive na meli zake.

Kuhusu dua, sioni kwamba moja linafukuza jingine. Tunamwombea, na bado msichana wa darasani kwangu hajui alikuwepo. Dua inamfikia yeye aliyekwenda. Huyu aliyebaki tunampa nini?

Lakini kuna pingamizi lililonishinda zaidi, na nililitoa mwenyewe. Opera hupenda mtu mmoja. Humweka mbele, humpa nyimbo ndefu, wengine wote wakawa nyuma wakiitikia. Na kazi ya Wajir haikuwa ya mtu mmoja. Wale wauza maziwa, wale waliokaa kwenye kamati ya soko, yule aliyetangulia kusema neno pale harusini, majina yao hayakupewa tuzo. Dekha mwenyewe alikuwa akisema "sisi". Ukimwimba peke yake umemdanganyia watu.

Hapa ndipo buraanbur inapoifundisha opera. Katika buraanbur anayesema leo kesho anaitikia. Anasimama katikati, anamaliza beti zake, anarudi kwenye duara, na mwingine anaingia. Bila makofi ya duara hawezi kushika mizani. Nikiwaza opera ya Dekha, siwazi mwanamke mmoja chini ya taa. Nawaza soko zima likiimba, na Dekha akiwa mmoja wa sauti zile, anaingia na kutoka, mpaka mtazamaji ajiulize ni nani hasa kiongozi. Wazee wa ukoo mdogo nao wawe na wimbo wao, wa watu wasiozoea kuombwa ushauri.

*

Mwezi uliopita kulikuwa na harusi jirani. Wanawake tulijaa uani, ngoma ikatolewa, na mama mmoja mnene mwenye sauti ya kukwaruza akasimama katikati. Alimsifu bibi harusi kama kawaida. Kisha akageuka kwa familia mbili zilizokuwa na ugomvi wa kisima tangu ukame uliopita, zote zimealikwa, zimeketi pembe tofauti, akawasema kwa mafumbo mpaka uani pakawa kimya ila makofi tu. Bibi kizee wa upande mmoja akainuka akacheza. Wa upande wa pili akamfuata. Sijui kisima kimefikia wapi, lakini siku ile walikula sinia moja.

Tulipofika nyumbani nikamwuliza ayeeyo kama ile ingeweza kuwa opera. Alikuwa anavua viatu, miguu imemvimba kwa kusimama.

"Mnataka kumwimba yule mama wa Wajir?"

"Kama watoto wake watakubali."

Akafikiri. Kisha akaniita "ayeeyo", kama wazee wetu wanavyomwita mjukuu kwa cheo chao wenyewe.

"Ayeeyo, mkimwimba, msianze na barabara. Na msimalizie hapo pia. Watu wote wanajua kufa. Anzeni harusini, mmalizie sokoni. Maziwa yawepo. Watu waone maziwa yakiuzwa."

Jumatatu nililiandika jina lake ubaoni, lote, Dekha Ibrahim Abdi, na chini yake mwaka 1964 na neno Wajir. Msichana wa mbele alilinakili. Kisha akainua mkono akauliza kama wale wengine wa sokoni nao wana majina. Nikamwambia wanayo, na wengine wangali hai, na kazi yake ya likizo ni kwenda nyumbani amwulize bibi yake anamjua nani.